Siku ya Mikono Mitupu

Katika kundi la Jumapili hakuna aliyewahi kushinda Siku ya Mikono Mitupu. Si Linus, si Daphine, wala yule dada wa Kisii aliyejigamba mwezi mzima kwamba yeye atawaonyesha. Wote walishindwa, wote wakaishia jikoni, na wenzao wakala wakiwacheka.

Kundi lenyewe ni la Wakenya na Waganda wanaokutana baada ya ibada ya asubuhi kule Oud Metha, Dubai. Kuna yaya, kuna walinzi, kuna watu wa hoteli, na kuna Allen, fundi cherehani wa Satwa. Huyu Allen ni mwanamke wa Mbarara, na kwao jina hilo ni la kike, kwa hiyo msishangae. Mmoja wao akimaliza mkataba na kukata tiketi ya kurudi nyumbani moja kwa moja, hupewa siku yake. Yeye ndiye anayechagua mahali pa kutembea, na wote humfuata. Sheria ni moja tu: tangu anapotoka mlangoni asubuhi hadi chakula cha jioni kitakapokuwa mezani, mwenye siku habebi kitu cha mtu yeyote. Hasukumi, hafuti, haokoti, hamshikii mtu mzigo. Hata pochi yake mwenyewe anabebewa. Akiteleza mara moja tu, siku imeharibika, naye ndiye atakayewapikia wote.

Utasema huo ni mchezo wa watoto. Haya, jaribu wewe, kama mikono yako imezoea kufanya kazi za watu wengine. Linus, mhudumu wa mkahawa katika hoteli moja ya Marina, aliketishwa mezani kama bwana mkubwa, na kabla supu haijafika alikuwa ameshakunja vitambaa vya meza nzima. Daphine, anayesafisha vyumba vya wageni, na ambaye baadaye alighairi safari akasaini mkataba mpya, alijitahidi hadi jioni. Kisha mhudumu mmoja akaangusha sinia mbele yake, na Daphine akajikuta yuko magotini anaokota vipande vya glasi. Alilia, akapika, na pilau yake ilikuwa na chumvi nyingi siku hiyo.

Sasa zamu ilikuwa ya Agneta.

Agneta ni mwenyeji wa Webuye, mwanamke mnene kidogo, mwenye sauti ya kwaya na kucheka kwa haraka. Alikuwa yaya katika nyumba moja ya Mirdif kwa miaka tisa. Huko nyumbani alimwacha binti yake, Milly, akiwa bado anashikwa mkono kuvuka barabara. Sasa Milly anamzidi urefu, ukiamini picha. Mkataba wa Agneta ulikuwa umekwisha, khalas, na Jumanne angepanda ndege. Alipoulizwa anataka kutembezwa wapi, wenzake walidhani atataja lile jengo refu kupita yote, au maduka yenye chemchemi zinazocheza.

"Nataka mji wa kale," akasema. "Na nataka kupanda juu ya paa."

Daphine alimkodolea macho. "Mji wa kale? Si wewe unaenda huko kila mara na madam wako?"

"Naenda. Lakini sijawahi kupaona."

Hapo ndipo walipoelezwa. Babu yake Madam alizaliwa Shindagha, kando ya lile hori linaloupasua mji wa Dubai pande mbili, na Madam aliona fahari sana juu ya jambo hilo. Mgeni yeyote aliyefika Mirdif, awe binamu kutoka Kuwait au rafiki wa shule kutoka London, ilikuwa lazima apelekwe kwenye mizizi. Aizunguke ngome ya zamani, apite vichochoro vya Fahidi, aingie nyumba ya mfanyabiashara wa lulu, kisha avuke hori kwa abra, ile mashua ya kuvushia watu, kwenda kunusa viungo sokoni Deira. Agneta alikwenda kila safari, akisukuma kigari cha mtoto. Na ndani ya ile nyumba ya lulu kuna ngazi ya mawe, nyembamba na yenye mwinuko mkali, inayopanda hadi paani penye mnara wa upepo, ule wa kuvuta hewa baridi ndani ya nyumba. Kigari hakipandi ngazi. Kwa hiyo kila mara Madam alisema, "Agneta, subiri hapa na mtoto," na Agneta akasubiri.

Alisubiri na watoto wakubwa walipokuwa wadogo, kisha akasubiri na Shahad, kitinda mimba. Alijua benchi lenye kivuli na bomba lenye maji baridi. Aliwasikia wageni huko juu wakishangaa na kucheka, kisha akawaona wakishuka na nyuso za watu walioona kitu. Wakishafika uani walimpa simu awapige picha. Madam hakuwa mtu mbaya, hilo Agneta hulisema waziwazi hadi leo. Alimuuguza alipoumwa, na Jumapili hakuwahi kumnyima. Ni vile tu halikuwahi kumpitia akilini kwamba mtu anayesubiri chini naye anaweza kutamani kuwa juu. Na Agneta, kwa upande wake, hakuwahi kusema. Jambo hilo lilimuuma kuliko alivyokiri.

"Basi utapanda," Allen akasema. "Na utapanda mikono mitupu, ama utapika."

Allen alimshonea gauni la kitenge, manjano na bluu, la kumkaa sawasawa. Agneta akalivaa, akajipapasa kiunoni, akauliza mifuko iko wapi.

"Banange, mifuko ya nini?" Allen akamjibu. "Ukiwa na mfuko utaweka kitu ndani. Mimi nakujua wewe."

Wakatoka Jumapili moja ya Januari, hewa ikiwa nzuri, Agneta mbele na wenzake nyuma. Pochi yake nyekundu ilining'inia begani mwa Shem, mlinzi wa ghorofa moja ya Marina, Mkenya mrefu mwenye shati jeupe na suruali nyeusi. Watu walimtazama, lakini Shem amesimama mbele ya milango ya matajiri kwa muda mrefu, na macho ya watu hayamwondolei usingizi.

Mateso yalianza ndani ya metro. Agneta hakujua aiweke wapi mikono. Aliikunja kifuani, akaonekana mgomvi. Aliipeleka nyuma, akafanana na Shem. Mama mmoja wa Kifilipino aliacha mfuko wake wa vitunguu uteleze kwenye kiti, na mkono wa Agneta ukaruka wenyewe kuuwahi.

Allen akakohoa. Mkono ukarudi.

Shem akanong'ona, "Ukichoka sema, mama. Mimi napenda pilau."

"Leo utaila kwa mama yako," Agneta akamjibu, na wote wakacheka, lakini moyoni alikuwa ameogopa. Mfuko wa vitunguu tu, na wa mtu asiyemjua! Ikiwa vitunguu vilikaribia kumshinda, siku bado ilikuwa ndefu.

Walivuka hori kwa abra, akakaa katikati ya benchi kama bibi harusi, upepo ukimpiga usoni. Huko nyuma alivuka mara nyingi, lakini siku zote mguu mmoja ulikuwa umekanyaga breki ya kigari na jicho moja liko kwa mtoto. Walipofika vichochoro vya Fahidi ndipo alipoanza kuelewa amekosa nini. Mji huu aliujua kuanzia chini. Alijua kila kizingiti kinachogomea magurudumu, kila jiwe lililochomoza, kila mahali pa kuinua kigari. Sasa alitazama juu. Kuta za mawe ya bahari na chokaa zilikuwa zimesimama karibu karibu makusudi, ili watu wa zamani wapite kivulini, na zile fito zilizotokeza kwenye minara zilikuwa na ndege wametua. Milango ilikuwa imechongwa maua hadi juu kabisa. Alisimama mbele ya mlango mmoja aliokwisha kuupita mara zisizohesabika, akasema kwa sauti, "Kumbe wewe una maua!" Daphine akampiga picha akiongea na mlango.

Hawakumwacha atulie. Mzungu mmoja alimnyooshea simu ampige picha yeye na mkewe, kama vile uso wa Agneta umeandikwa kazi hiyo. Daphine akaruka, akaipokea simu kabla mkono wa mwenzake haujaamka. Na pale mlangoni mwa nyumba ya lulu Shem akasahau kuwa yuko mapumzikoni. Alisimama kando ya mlango, miguu imepanuliwa, mikono nyuma, pochi nyekundu begani. Watalii wakaanza kumsalimu, wakamuuliza choo kiko wapi, na familia moja kutoka India ikamuuliza kama inaruhusiwa kuingia.

"Ingieni, karibuni," akawaambia kwa heshima zote. "Viatu mnaweza kubaki navyo."

Agneta alicheka hadi akashika ukuta. Ukuta unaruhusiwa, Allen akaamua.

Basi akaingia uani akiwa bado anacheka, akaiona ile ngazi. Ilikuwa mbele yake, hatua chache tu, hakuna kigari, hakuna mtoto, hakuna mkoba. Hapo hapo akasikia sauti inayotoka kwenye benchi lenye kivuli.

"Geta!"

Alikuwa Shahad, mwenye miaka minne, nywele zimefungwa vibaya, ndani ya kigari ambacho miguu yake sasa ilikizidi. Nyuma yake alisimama Fortunate, msichana wa Kabale aliyewasili wiki iliyopita kuchukua nafasi ya Agneta. Madam alikuwa na wageni tena, na kama kawaida yake amewaleta kwenye mizizi. Walikuwa wote juu ya paa. Vicheko vyao vilisikika.

Shahad akajichomoa kwenye kigari, akamkimbilia, akainua mikono yote miwili.

"Beba!"

Ndilo neno la Kiswahili alilolijua vizuri kuliko yote. Alilitumia sokoni, bustanini, kila mahali. Hata Madam alikuwa amelizoea. Na kila alipolisema, Agneta alimbeba, joto au baridi, mgongo ukiuma au usiume.

Allen hakukohoa. Hata Allen hakuwa na moyo wa kukohoa. Daphine alitazama pembeni. Mikono ya Agneta ilikuwa imeshapanda hadi usawa wa kiuno, imefunguka, na alihisi uzito wa mtoto kabla hajamgusa. Jumanne anaondoka. Nani angemlaumu? Angemnyanyua, wangekaa kwenye lile benchi, angepikia watu jioni na wote wangesema ilikuwa haki yake. Lakini alijua pia kuwa akishakaa pale hatapanda tena maisha yake yote. Akamtazama Fortunate, aliyesimama ameshika kigari kwa mikono miwili, sawasawa na alivyosimama yeye. Ikamjia kwamba hata Shahad, mjukuu wa mji huu, hajawahi kufika juu. Naye amekuwa wa kusubirishwa chini siku zote.

Akachuchumaa mbele ya mtoto, mikono ameifunga nyuma.

"Shahad, leo Geta habebi. Leo Geta anapanda juu. Unataka kuja?"

Shahad akakunja uso. Alikuwa hajawahi kunyimwa. "Beba," akarudia, kwa ukali wa mwenye nyumba.

"Miguu unayo. Hiyo miguu nimeilisha mimi, naijua. Inaweza."

"Auntie," Fortunate akaingilia kwa hofu, "Madam amesema nisubiri hapa na mtoto."

"Amesema usubiri na mtoto. Sasa mtoto akiwa juu, wewe utasubiri wapi?"

Fortunate akafikiri, kisha tabasamu likamtoka bila kutaka. "Na kigari je?"

Shem alikuwa ameshafika. Akasimama kando ya kigari, akapanua miguu. "Hiki niachieni mimi," akasema. "Kusimama karibu na mali ya watu ndiyo kazi yangu."

Wakapanda. Agneta mbele akienda kinyumenyume nusu nusu ili amwone mtoto, Shahad katikati akitambaa kwa mikono na magoti, Fortunate nyuma amejiandaa kumdaka. Katikati ya ngazi Shahad akaketi, akatangaza kwamba amechoka na kwamba ngazi ni mbaya. Mikono ya Agneta ilimuuma kwa kukaa bure. Vidole vilikuwa vimekamatana nyuma kwa nguvu hadi vikafa ganzi.

"Yalla, twende, bibi," akasema taratibu. "Nakungoja. Siendi bila wewe."

Mtoto akamtazama muda mrefu, akapima kama yaya huyu anatania au la. Kisha akainuka, akaweka goti kwenye jiwe lililofuata. Halafu lililofuata. Mwisho mwanga ukawamwagikia wote watatu kwa mpigo, nao wakawa juu.

Lo! Hori lilikuwa limelala chini yao na abra zikilikata huku na huko, na ng'ambo ya pili Deira na misikiti yake, na mbali kabisa lile jengo refu likionekana jembamba kama sindano ya Allen. Upande huu minara ya upepo ilisimama juu ya mapaa kama wazee waliokuja kikaoni. Agneta akaingia chini ya mnara wa nyumba hiyo, akasimama mahali ambapo upepo unashuka, na upepo ukamshukia kweli, wa baridi, usoni na shingoni na ndani ya mikono ya gauni. Akaifungua mikono yake. Akainyoosha juu, mitupu kabisa, akacheka kwa sauti kubwa ya kwaya. Daphine, aliyekuwa anafika juu pamoja na Allen, akapiga vigelegele hadi njiwa wakaruka.

Watalii wote wakageuka, na Madam akageuka pamoja nao.

"Shahad!" akashtuka. "Nani amekubeba hadi huku?"

"Bruhi!" mtoto akapiga kelele. Mwenyewe! Akajipiga kifua, goti moja limechubuka, na kiburi kimemjaa tele. "Geta habebi leo!"

Madam alimtazama yule mwanamke wa manjano na bluu, na ilimchukua muda kumtambua. Alikuwa amemzoea ndani ya sare ya kazi.

"Agneta? Mbona unafurahi hivi? Si huku umeshafika mara nyingi?"

"Hapana, madam," Agneta akajibu. Hakusema kwa uchungu. Furaha ilikuwa imemjaa, uchungu haukuwa na mahali pa kukaa. "Mimi huwa nasubiri chini."

Madam akamtazama Shahad, akamtazama Fortunate aliyekuwa ameshika ukingo wa paa akishangaa hori, kisha akamtazama Agneta tena, na uso wake ukabadilika. Akatoa simu yake.

"Simama pale," akasema. "Sogea kidogo kushoto, mnara uonekane. Hapo hapo. Usifumbe macho." Yalikuwa maneno ya Agneta mwenyewe, yale aliyowaambia wageni wa Madam miaka yote. Shahad akaja akakumbatia goti lake. Agneta akamtazama Allen kwa kuuliza.

"Kukumbatiana si kubeba," Allen akahukumu, huku akijifuta macho. Basi Agneta akapiga magoti akamkumbatia mtoto kwa nguvu, miguu ya Shahad ikiwa chini kwenye paa la mababu zake, na picha ikapigwa hivyo.

Ulipofika wakati wa kushuka, Madam alikuwa akizungumza na wageni wake. Bila kutazama akavua mkoba begani, akaunyoosha upande wa Agneta kama alivyofanya kila mara kabla ya kushika ngazi. Mkoba ukaning'inia hewani. Agneta aliujua mkoba ule, aliujua uzito wake na upande wake uliochakaa. Mikono yake ikabaki nyuma ya mgongo. Fortunate, kwa ugeni wake, akapiga hatua kuupokea. Allen akamshika kiwiko.

Madam akageuka kuona kwa nini mkono wake bado mzito. Akauona mkoba. Akamwona Agneta amesimama wima, kichwa juu, akimtazama bila hasira na bila kuomba radhi. Damu ikampanda Madam usoni. Taratibu akaurudisha mkoba begani kwake mwenyewe.

"Samahani," akasema, kwa Kiswahili. Akasogea pembeni ya ngazi. "Tangulia, Agneta."

Agneta akatangulia. Alishuka ile ngazi katikati, bila kushika ukuta, na nyuma yake wakafuata Madam na wageni wake, na Shahad akishuka kwa makalio, jiwe baada ya jiwe, akikataa msaada wa mtu yeyote.

Jioni chumbani kwa Daphine, Satwa, kukawa na kizaazaa. Nyama ilikuwepo, sukuma wiki ilikuwepo, unga ulikuwepo, lakini kwa kuwa siku zote anayepika ni mwenye kushindwa, hakuna aliyekuwa amejiandaa kuwasha jiko. Walikuwa wote, wasaliti hao, wanategemea kupikiwa na Agneta. Ikabidi Shem asonge ugali. Agneta akaketishwa kitandani, akauona ugali ukitoka mabonge, akausikia ukianza kuungua. Huo, anasema, ndio ulikuwa mtihani wa mwisho. Aliuma midomo, akakaa.

Chakula kikawekwa. Allen akaja na jagi na beseni, akainama mbele yake kama mbele ya mgeni mkubwa, akammiminia maji ya uvuguvugu mikononi. Agneta akaitazama mikono yake ikilowa, mikono iliyowanawisha watoto wa watu kila siku, na machozi yakamtoka sasa, kwa wingi, wala hakuyaficha. Akaunyoosha mkono kwenye ugali, kisha akasita, akamtazama Allen kwa wasiwasi wa kweli.

"Na tonge je?"

Chumba kizima kikaangua kicheko, isipokuwa Allen. Allen alifikiri kama hakimu.

"Hilo beba," akasema. "Hilo ni lako."